Jiwe la Ziwani

Mimi ni mtu wa Jumatatu na Alhamisi. Siku hizo mbili natoka asubuhi kwa dada yangu Ngoingwa, napanda boda hadi hospitalini Thika mjini, nakaa kwa kiti saa nne huku mashine ikinisafishia damu. Figo zangu zote mbili zilikufa miaka mitatu iliyopita. Nikiruka siku moja miguu inavimba, nikiruka mbili dada aanze kutafuta hema la matanga. Sisemi hivi nihurumiwe. Nasema mapema ili yanayofuata yaeleweke.

Nilizaliwa Gatuanyaga, kwa vumbi na mbuzi. Ukisimama kwa boma letu ulikuwa unaona Kilimambogo, na siku moja nikamwuliza baba nyuma ya kile kilima kuna nini. Akaniambia kuna watoto wanaochunga mbuzi bila kuuliza maswali. Halafu nikiwa darasa la sita mwalimu akatundika ramani ya Kenya ukutani, nikaona kumbe nyuma ya kilima kuna mahali, na nyuma ya hapo pengine, mpaka juu kabisa karibu na Ethiopia, ambapo palikuwa na ziwa refu la buluu katikati ya rangi ya kahawia tupu. Nililitaka lile ziwa. Wasichana wengine walitaka viatu.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha kupima barabara kwa uzi. Unaulaza uzi juu ya barabara kwenye ramani, unafuata kila kona kwa subira, kisha unaunyoosha kwenye rula na kuhesabu kilomita. Wenzangu walifanya mtihani wakasahau. Mimi niliishia kuwa fundi wa nguo Ruiru, kwa hivyo uzi haukunipungukia hata siku moja. Juu ya cherehani nilibandika ramani kubwa, na wateja walinicheka sana. Mama mmoja aliniuliza kama napima Kenya niishonee sketi.

Kila mwaka nilisema naenda. Lakini Januari ni yunifomu, Mei ni sweta, Agosti ni harusi, na Desemba kila mtu anataka nguo ya Krismasi, tena anaitaka jana. Miaka ishirini na miwili ikaenda hivyo. Wala hakuna mume aliyenikataza, hakuna mtoto aliyenivuta nguo. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Ni mimi mwenyewe niliyejifungia pale, nikiwaambia watu kwamba ningetoa hata roho yangu nilione lile ziwa mara moja tu.

Halafu presha, ambayo sikuitibu kwa sababu ya yunifomu, ikaua figo. Nikafunga duka, nikahamia kwa dada, nikabandika ramani chumbani. Usiku wa kwanza nilichukua uzi nikapima mtu anaweza kufika wapi kati ya Alhamisi mchana na Jumatatu asubuhi, na kurudi. Uzi haukufika ziwani. Haukukaribia hata.

Kiti cha karibu nami hospitalini kilikuwa cha mzee mmoja, naye wa Gatuanyaga, aliyeendesha lori miaka mingi akipeleka mahindi kaskazini na kurudi na mbuzi. Huyo ndiye mtu wa kwanza maishani ambaye hakunicheka. Nilimletea ramani, akawa ananionyesha kwa kidole pale daraja linapochukuliwa na maji, pale anapouza chai mama mkali. Akaniambia wafugaji wa huko hawaulizi mahali ni umbali gani, wanauliza kisima kinachofuata kiko wapi. Nikalala nikiwaza hilo neno.

Kesho yake nikaanza kutafuta visima vyangu. Nilipigia hospitali moja baada ya nyingine nikiuliza kama wana mashine na kama wanapokea mgeni wa siku moja. Waliokubali niliwashonea alama ya uzi mwekundu juu ya ramani. Ilichukua miezi, na wengi walinikatia simu, lakini mwishowe nikapata mji mmoja nusu ya njia, nesi wa sauti ya upole, nafasi ya Jumamosi. Nikisafishwa pale Jumamosi, Jumapili niko ziwani, Jumanne nimerudi kwake anisafishe tena. Nilipima uzi mara nne. Ulifika.

Dada alikasirika, hakuongea nami wiki nzima. Mimi na mzee tulikuwa tunaruhusiwa vikombe viwili vya maji kwa siku, kwa hivyo alinitania kwamba maji ya ziwa nisimletee, yeye na maji walishaachana.

"Niletee jiwe," akasema. "Jiwe la pale ufuoni."

Niliondoka Ijumaa. Nikapita Nyahururu, nikapita mahali lami inapoisha, nikalala, na Jumamosi asubuhi nikafika kwa ule mji. Nilikwenda kwanza steji ya magari nikalipia nafasi kwa lori la samaki linalopanda tupu kwenda ziwani alfajiri, kisha nikaenda hospitalini. Nesi alinipokea mlangoni. Mashine ilikuwa imezima jana yake, na fundi angetoka Nairobi wiki ijayo. Alikuwa karibu kulia, maskini.

Nikamwuliza nikiendelea tu itakuwaje. Kwenda, kurudi, hadi Thika, ni siku sita bila kusafishwa.

"Kuna wanaofika siku sita," akaniambia. "Na kuna wasiofika."

Nilikaa kwa benchi la nje mpaka jua likageuka. Alfajiri nilikwenda steji. Lori lilikuwa limewasha injini, na dereva akaniita mara mbili nipande mbele, mahali pazuri, mahali pa kuona. Maisha yangu yote nilikuwa nimesema ningetoa roho. Sasa roho ilikuwa imeitishwa, kwa heshima kabisa, na injini inanguruma. Nikasema sipandi. Niliogopa, basi. Hakuna jina lingine la kitu hicho. Nikalitazama lori mpaka vumbi likatulia, nikageuka kutafuta gari la kurudi, na pale kando ya barabara nikaokota jiwe.

Jumatatu nilikuwa kwa kiti changu. Manesi na wagonjwa waliuliza kama nimefika, nikatikisa kichwa ndiyo, sijui kwa nini. Nikampa mzee jiwe. Akaligeuza polepole, lilikuwa la rangi ya udongo wetu wa barabarani, akanitazama.

"Mawe ya ziwani ni meusi, fundi," akasema chinichini, wengine wasisikie.

Akalitia mfukoni mwa koti, akauliza mama wa chai bado yupo.

Miezi miwili baadaye alifariki. Nilikwenda mazishi Gatuanyaga, na bintiye akasimama mbele ya watu akasema baba yake alikuwa na rafiki hospitalini, mgonjwa kama yeye, aliyefika ziwani na figo zimekufa, akamletea jiwe. Akasema baba aliagiza azikwe nalo. Akanionyesha kwa mkono, nami nikasimama, wakanipigia makofi, kwa mazishi.

Ramani nimeitoa ukutani. Kila nikienda Gatuanyaga watu wananisimamisha wananiuliza hilo ziwa likoje. Aliyejua sikufika yuko chini ya udongo na jiwe la steji kifuani. Nawaambia ni kubwa, halafu naangalia saa, kwa sababu kesho ni Alhamisi.