Kopo la Patrisi kwenye Lango la Mzee Yohana

Mdogo wangu Patrisi alikuwa fundi redio pale sokoni Karatu, na kwa kuwa nilimlea mwenyewe, nina haki ya kumsema. Mikono yake ilikuwa na akili kuliko kichwa. Angeweza kuifufua redio iliyonyeshewa masika nzima, halafu akasahau kula. Mimi niliuza vitunguu meza ya jirani, na kazi yangu ya pili ilikuwa kuwafukuza waliotaka kutengenezewa bure, maana neno "hapana" halikuwahi kupita mdomoni mwake.

Sasa bwana huyu akampenda Marsela, binti wa Mzee Yohana wa kule juu Oldeani, pembeni ya msitu. Marsela naye alimtaka. Tatizo lilikuwa mzee. Tangu mkewe Sesilia afariki, alikuwa hazungumzi na mtu. Tena palikuwa na mposaji mwingine, Raphaeli, dereva wa watalii, aliyekuwa akipanda kule na Landrova ya kazini huku anapiga honi tangu mashamba ya kahawa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani angemwambia mzee hivyo?

Basi ikaja habari. Sesilia ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya parokia, na kabla hajaugua walikwenda Arusha wakarekodiwa. Redio ya Dar ikatangaza kwamba kwaya hiyo itapigwa Jumapili jioni. Mzee Yohana akasimama nje ya kanisa, mbele ya watu wote, akasema kijana atakayemwezesha kuisikia sauti ya mke wake, huyo ndiye atakayekaa naye kuzungumza habari za Marsela. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Raphaeli akapeleka redio kubwa kama sanduku la nguo. Kule juu ikanong'ona tu. Kila mtu Oldeani alijua kwamba redio pale inataka waya mrefu uliofungwa juu ya miti. Lakini Patrisi alishamfungia mzee waya kati ya mikaratusi miwili, tembo wakashuka kutoka msituni kutafuta mahindi, wakaondoka nao. Akafunga mwingine, wakaondoka nao pia. Watu wakasema tembo wa Ngorongoro wanasikia taarifa ya habari kuliko wakulima.

Patrisi akaanza kutengeneza kitu mezani kwake. Fimbo ya waya mgumu, urefu wa mkono, imechomekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo ametia transista ya redio iliyokufa na vikorokoro vingine. Alikiona kitu cha namna hiyo kule kreta ya Ngorongoro, kwa mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza fisi. Nikamwambia, mdogo wangu, waya mrefu kama barabara ya Mbulu umeshindwa, hako kajiti kataweza?

Akaniuliza nani humfasiria Padre kwa Kiiraqw kanisani. Nikasema Katekista Inosenti, nani asiyejua? Akasema, basi fimbo hii ni Padre. Sauti yake ni ndogo, haifiki hata benchi la pili. Transista ni Inosenti. Anasimama ubavuni pake, anaidaka ile sauti ndogo kabla vilio vya watoto havijaimeza, anaitoa kwa nguvu mpaka mlangoni. Ndiyo maana transista inakaa juu kwenye kopo, karibu kabisa na fimbo. Ukiiweka chini kwenye redio, sauti itafika imeshachoka njiani. Na waya wa kopo una kazi mbili, unapandisha nguvu ya betri kwenda kwa Inosenti, unashusha mahubiri kuja kwenye redio.

"Na Padre akikohoa?" nikamuuliza, kwa kumchokoza tu.

"Inosenti anakohoa pia, dada. Hachagui."

Nikacheka mpaka vitunguu vikamwagika. Halafu nikampa betri za tochi yangu, na miaka ile betri zilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo mjue nilimpenda.

Jumapili ile tulikuta uwanja wa mzee umejaa majirani. Mahali pazuri pa kopo palikuwa juu ya paa, lakini kwetu kijana anayeposa hakanyagi paa la mkwe hata nyumba ikiungua. Patrisi akalifunga juu ya nguzo ya lango, akavuta waya mpaka dirishani. Mara honi. Raphaeli. Kwa kawaida alikuwa akiegesha mteremkoni, lakini jioni hiyo ng'ombe wa mzee walikuwa wamerudi na kuujaza mteremko wote. Akaegesha langoni, chini ya kopo, akaacha injini inanguruma. Eti ni heshima kwa mzee.

Patrisi akawasha redio. Loo! Ikatoa mkwaruzo kama mtu anayeparua sufuria la ugali. Raphaeli akasema kopo lina panya. Watu wakacheka, Marsela akatazama chini, na mimi nilitamani kumvua mtu yule kofia nimpige nayo. Kipindi kilikuwa karibu kuanza. Patrisi akainama, akasikiliza redio, akasikiliza injini. Vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja. Nikajua amejua. Nikajua pia kwamba hatasema, maana ni Patrisi.

Akasema.

"Kaka, zima gari. Kopo linarudia kila linachosikia, na sasa linasikia plagi za injini yako zinavyorusha cheche."

Raphaeli akasema haiwezekani. Patrisi akasema, zima. Hapo ndipo Raphaeli alipokiri mbele ya wote, kwa sauti ya Padre, kwamba staata imekufa, na gari likizimwa tambarare haliwaki mpaka lisukumwe. Mzee Yohana akainuka. Alitembea hadi langoni, akapenyeza mkono dirishani, akazungusha ufunguo.

Mkwaruzo ukakatika. Sauti ya mtangazaji ikajaa uwanjani, safi, akiitaja parokia yetu. Halafu, kabla ya wimbo kuanza, redio ikakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mwanamke anayesafisha koo.

Mzee alikuwa bado langoni. Akashika nguzo.

Sesilia akaimba, na kwaya ikamwitikia. Wanawake waliokuwa wameimba naye wakawa wanaimba tena palepale walipokaa, wengine wanalia, na mimi nililia bila aibu. Mzee alisubiri mpaka wimbo ukaisha.

"Siku zote alikohoa hivyo kabla ya kuanza," akasema. "Nilikuwa namkemea. Kumbe kopo lako linarudia na hicho?"

"Linarudia kila kitu, Baba."

Mzee akalitazama lile kopo la maziwa, akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa kofia.

"Usiliondoe hapo," akamwambia. "Na Jumapili ijayo uje na wazee wenu."

Giza lilipoingia tukaisukuma Landrova ya Raphaeli mpaka mteremkoni, na aliyesukuma kwa moyo kuliko wote alikuwa Patrisi.