Dakika ya Tatu ni ya Kucheka

Saa sita na dakika tano mchana. Rola kubwa la kunyooshea mashuka linapunguza mwendo, linahema mara mbili, linasimama. Wafanyakazi wa kiwanda hiki cha kufulia, wanaohudumia hoteli saba, wanajifuta shingo na kuelekea chumba cha kulia.

Mmoja haendi huko. Anapita katikati ya vitoroli vya nguo mbichi, anaingia stoo ya mashuka safi na kuufunga mlango. Humo mashuka yamepangwa hadi darini, na kelele yoyote inayoingia inamezwa palepale. Anachomoa vizibo viwili vya njano masikioni, anavipangusa na kuvitia mfuko wa shati. Anakaa juu ya robota la taulo, anatoa simu, anakohoa kidogo kama mtangazaji.

"Dada, hamjambo? Saa sita imetimia. Tuanze na wimbo."

Anazungumza kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Anakumbuka wimbo waliokuwa wakifungia dansi, na jinsi mwimbaji alivyokuwa akiuburuta mwisho wake hadi wapiga vyombo wakachoka mikono. Kisha habari: lifti ya jengo la jirani imekwama saa mbili nzima, na waliokwama ndani ni mafundi wa lifti. Kisha kichekesho.

"Leo ndani ya shuka tumekuta meno ya bandia. Msimamizi akauliza, haya ya nani? Dada, tukafunga midomo wote! Ikabidi tukaguliwe mmoja mmoja kama farasi mnadani. Haya, wasalimie."

Dakika tatu kamili. Anabonyeza, ujumbe unakwenda.

Kwao wanamwita Besi, kwa sababu ya gita alilokuwa akipiga. Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza mbele ya rola hili. Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. "Ile miaka miwili ilizaa," anasema, na anacheka peke yake kabla hujajua kama inafaa kucheka.

Maswali ya makala haya aliulizwa kwa kuandikiwa kwenye daftari. Aliyasoma kwa miwani, akayajibu kwa mdomo, na mawili aliyajibu kwa kuimba.

Bendi yao ilikuwa ya watu sita. Yeye alishika besi. Dada yake, aliyemzidi miaka minne, aliimba sauti ya juu. Mume wa dada huyo, ambaye Besi hajawahi kumwita kwa jina lolote ila Shemeji, alipiga ngoma. Walipiga kwenye harusi na kwenye ukumbi mmoja kila Jumamosi, mpaka mwenye vyombo alipoviuza bila kuwaaga.

"Siku ya kwanza bila gita sikujua mikono niiweke wapi," anasema. Akasafiri.

Miaka ya mwanzo simu ilipigwa kwa kadi, na kadi aliyoimudu ilikuwa na dakika tatu. Dada mtu ndiye aliyezigawa. Ya kwanza ya wimbo, wasije wakasahau walikuwa nani. Ya pili ya habari. Ya tatu ya kucheka.

"Alisema laini lazima itukate tukiwa tunacheka. Ikitukata tunalia, itakuwaje hadi wiki ijayo?"

Kadi zilikwisha zamani, zikaja simu za kutumiana sauti bila kuhesabu dakika, lakini wawili hao hawakubadili mpango. Besi hutuma saa sita. Dada hujibu kabla ya jioni, kwa utaratibu uleule: anamkosoa wimbo, anampa habari za nyumbani, anamchekesha. Kuandika alikataa. Maandishi ya simu ni madogo kwa macho yake, na tena, alisema, maandishi hayacheki.

Kinachovuka mipaka si sauti tu. Theluthi ya mshahara wa Besi huenda nyumbani kila mwezi. Imemsomesha mpwa wake, binti wa pekee wa dada, hadi akawa mwalimu, na imenunua dawa za kifua za Shemeji. Yeye mwenyewe analala chumba kimoja na wanaume watatu, na sanduku lake liko chini ya kitanda, halijawahi kupandishwa juu ya kabati. "Sanduku likipanda kabati, umehamia," anasema.

Kazi yake ni ya watu wawili. Shuka linashikwa pembe nne, linavutwa likanyooka, linalishwa rola. Wanaposhughulika hawasemezani, maana hakuna sauti ya mtu inayoweza kuvuka mngurumo ule. Wanavuta. Ukivuta mara moja, tayari. Mara mbili, ngoja. Mwenzake wa upande wa pili wa shuka ni mzee mwenziwe kutoka nchi nyingine, na lugha wanayoelewana ina maneno kama thelathini hivi. Miaka kumi wamefanya kazi pamoja kwa kuvutana.

Vizibo vya masikio viligawiwa mwaka wake wa sita. Besi alivivaa wiki mbili, akaviacha.

"Nitakwambia kweli, usinisitiri," anasema. "Hakuna aliyenikataza kuvivaa. Nilivitoa mwenyewe. Lile rola lina mapigo: dum, dum, kaa, dum. Mimi nilikuwa nalisikiliza. Napiga besi kichwani juu yake kutwa nzima, nyimbo zetu zote. Wenzangu walikuwa kazini, mimi nilikuwa dansini."

Mwaka jana alianza kuona ndege wamenyamaza. Kisha birika la chumbani likaacha kupiga filimbi. Kisha akajikuta anaitikia "ndiyo" kwa kila anachoambiwa, mpaka mwenzake wa shuka akamtania kwa vidole: wewe ungeulizwa kama u mwizi ungesema ndiyo.

Akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda kwa daktari wa masikio. Sikio la kulia halikusikia kitu tena. La kushoto daktari alilichorea mstari uliokwenda sawa kidogo kisha ukashuka kama ngazi. Akamweleza kwamba sauti nene bado zinaingia, nyembamba ndizo zilizopotea.

"Nikamwambia, Daktari, huko chini ndiko kwangu. Huko juu ulikokufuta ni kwa Dada."

Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba ofisi ikijua, mkataba hautafika mwisho. Zaidi ya hapo aliogopa kwamba dada yake akijua atamwamuru arudi, naye tangu utotoni hajaweza kumkatalia.

Basi akaanza kuigiza. Ujumbe wa dada ukiingia aliubana kwenye sikio la kushoto, akawa anasikia mvumo tu, kama redio ya nyumba ya tatu. Macho akayaweka kwenye saa ya simu. Dakika ya kwanza ikipita, aliguna. Ya pili ikipita, alisema "hee!" Ya tatu ikifika mwisho alianza kujirekodi akicheka. Utaratibu wa miaka kumi na minane ulimbeba. Kwa miezi minane dada hakushuku kitu.

Jumatatu moja ujumbe uliingia mapema, saa nne, naye akaufungua saa sita stoo. Ulikuwa wa sekunde arobaini tu. Besi alifikiri dada yake ana haraka, ameruka wimbo na habari akaenda moja kwa moja kwenye kichekesho. Akajibu hapohapo, na majibu hayo bado yamo kwenye simu yake. Anayaonyesha, hataki kuyafuta.

"Hahaha! Dada, umenivunja mbavu! Huyo naye amezidi sasa! Mwambie arudie kesho, nataka kusikia tena!"

Dada yake alikuwa amesema kwamba Shemeji amefariki saa tatu asubuhi.

Jioni hiyo hakukuwa na jibu. Kesho yake Besi alituma kama kawaida. Alikumbuka Jumamosi umeme ulipokatika ukumbini katikati ya wimbo. Gita lake lilikuwa bubu lakini aliendelea kulipiga, na Shemeji aliendelea na ngoma bila kupotea hata pigo moja. Alipomuuliza baadaye aliwezaje, Shemeji alimjibu, "Nilikuwa naangalia vidole vyako, mjinga wewe." Besi alimalizia kwa kucheka sana. Siku hiyo walikuwa wanamzika.

Siku ya tatu alituma kichekesho cha mpiga ngoma aliyesinzia jukwaani. Ya nne, ya tano. Kimya. Akadhani simu ya dada imeharibika.

"Wiki nzima nilimchekea mjane," anasema. Anavua miwani, anaiweka juu ya daftari, na kwa muda haiwezekani kumuuliza kitu.

Siku ya tisa yaliingia maandishi. Yalitoka kwa mpwa wake.

"Mjomba shikamoo. Baba alifariki Jumatatu, tukamzika Jumanne. Mama alikwambia mwenyewe kwa mdomo wake. Hajala vizuri tangu siku ile. Anauliza alikukosea nini."

Rola lilipowashwa mchana ule Besi hakutoka stoo. Mwenzake wa shuka alikuja kumwangalia, akamkuta amekaa juu ya robota, simu imemwangukia miguuni. Alirudi kwenye rola akafanya kazi ya watu wawili peke yake, anashika pembe za huku, anakimbia kushika za kule, hadi kengele ya jioni. Wana maneno thelathini, na hakutumia hata moja.

Besi aliandika usiku mzima akifuta na kuanza upya. Kilichobaki asubuhi kilikuwa hivi: "Mwanangu, msomee mama yako. Mwambie sisikii. Sikusikia Jumatatu ile. Sijamsikia tangu mwaka jana, sauti nene tu ndizo zinazoingia. Nilikuwa nacheka kwa kuangalia saa."

Ikapita siku ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Mchana hakutuma kitu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kadi zilipokwisha saa sita kupita hivihivi.

Siku ya kumi na tano uliingia ujumbe wa sauti. Aliubana sikioni kwa mazoea tu. Akasikia mwanamume.

Anasema alidhani mtu ameokota simu ya dada. Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya mlinzi mstaafu. Ilikuwa inakwenda polepole, neno moja moja, na kila neno lilikuwa linaingia.

"We mtoto. Ni mimi. Nimeishusha sauti mpaka chini ya kitanda. Unanisikia?"

Besi alisimama. Alikuwa peke yake kati ya mashuka, akaitikia kwa kelele, "Nakusikia, Dada!" kama vile upande wa pili kuna mtu.

Dada alianza na wimbo. Ule wa umeme kukatika, alisema, aliusikiliza siku ya mazishi akiwa amejifungia ndani, na alikasirika, na aliurudia mara nne. Dakika ya pili ilikuwa ya habari. Akamsimulia kifo cha Shemeji upya, toka mwanzo: alivyoamka, alivyoomba maji, alivyokuwa akigongagonga ukingo wa kitanda kwa vidole viwili, alivyoacha. Kwa sauti ileile ya kizee, bila haraka, Besi asipitwe na neno.

"Hapo ndipo nilipofiwa," anasema Besi. "Siku kumi na nne nyuma ya watu wote."

Na dakika ya tatu?

"Akasema, 'Sasa sikiliza. Kutwa nafanya mazoezi ya sauti hii chumbani. Majirani wanateta: udongo wa mumewe haujakauka, tayari kuna mwanamume ndani!'"

Besi alicheka. Anasema alicheka na machozi yakichuruzika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuangalia saa kujua kama wakati wa kucheka umefika.

Mkataba wake unakwisha baada ya miezi mitano. Amekwisha kuwaandikia kwamba hataongeza. Kuondoka kabla ya hapo ni kupoteza tiketi na kiinua mgongo cha miaka kumi na tisa, na dada mtu amempigia hesabu hizo mwenyewe na kumwambia avumilie. Aliomba ahamishiwe kwenye meza za kukunja, mbali na rola. Nafasi haijapatikana.

Daktari hakumwahidi chochote. Kilichopotea hakirudi, alisema, na kilichobaki kitadumu kwa kadiri kitakavyotunzwa.

Mpango wa Besi ni mdogo. Anataka kukaa karibu na dada yake, sikio la kushoto upande wake, aimbiwe ule wimbo wa kufungia dansi, walau mara moja. Dada anaufanyia mazoezi kwa chini na analalamika kila siku. Miaka arobaini nimepanda ngazi, anasema, leo mtoto ananishusha na magoti haya mabovu. Wakati mwingine mwishoni, pale pa kuburuta, anajisahau, sauti inapanda. Hapo Besi anabaki na mvumo. Anasubiri. Mwisho wa pumzi dada anashuka, na yeye anamkuta chini.

Saa sita na nusu. Kengele inalia, na Besi, amesimama mlangoni pa stoo, anajua kwa kuwaona wenzake wakitoka chumba cha kulia. Anatia simu mfukoni, anatoa vizibo vya njano, anavikunja kimoja kimoja kwa vidole na kuvisukuma ndani kabisa. Cha kulia pia, ingawa huko hakuna tena cha kulinda.

Anaandikiwa swali la mwisho: je, huukumbuki mpigo wa rola?

"Sana," anasema. Anachukua pembe mbili za shuka. Upande wa pili mwenzake amekwisha kushika zake. "Lakini hiki kilichobaki si changu tena. Namtunzia Dada."

Anavuta mara moja. Tayari.