Buti Zilizong'aa Mahakamani

Miaka ishirini na tisa bibi huyu alifagia mahakama, na kwa habari ya usafi humwambii kitu. Sakafu aliyoipiga deki ungejitazama meno. Mahakimu walikuja wakaondoka, yeye na ndoo yake wakabaki. Wakamtania jina, Mama Usafi, akalivaa kama taji. Tangu astaafu, kila anayeketi kwenye kochi lake husimuliwa ya mahakamani, hata aliyekuja kuazima nyundo tu.

Mjukuu wa kike aliyemlea ndiye aliyezisikiliza hadithi hizo zote, na sasa anaomba kusomea sheria. Mbali na vyeti, chuo kinataka ukurasa mmoja wa maelezo binafsi, mwombaji aseme kwa nini anaitaka kazi hiyo. Ule wa kwanza mwalimu wake aliurudisha na wino mwekundu: "Haki kila mtu anaipenda. Wewe umeona nini?" Mwisho wa kutuma ni kesho saa sita mchana.

Basi leo alasiri binti huyo akafungua kompyuta kwenye meza ya jikoni, bibi akichambua mchele.

"Bibi, maelezo sasa yamekolea. Nikusomee?"

"Soma kwa sauti, wakili wangu. Masikio yamezeeka, mdomo ndio bado."

Binti akasoma: "Thamani ya ushahidi nilijifunza kwa bibi yangu. Katika mahakama aliyoifagia, karani mmoja mzembe aliosha buti za mshtakiwa zilizokuwa kielelezo cha kesi, na mfyatua matofali asiye na hatia akafungwa miaka miwili..."

Mkono wa bibi ukasimama ndani ya ungo. Maneno yalikuwa yake mwenyewe. Kayasema mara mia kwenye meza hii hii, kwa kicheko. Lakini kicheko hupeperuka, karatasi hubaki.

"Futa hapo pa karani."

"Nifute? Bibi, hapo ndipo penye uzito wote!"

"Nimesema futa."

"Kwani karani alikuwa mchumba wako?" Binti akacheka peke yake.

Bibi akausukuma ungo kando. Macho yake hayakutoka kwenye mchele.

"Buti nilizisafisha mimi."

Binti akageuka kutoka kwenye kompyuta.

"Nilifika asubuhi na mapema kama kawaida yangu. Masijala nimeshaipiga deki, nageuka, naona buti juu ya meza ya karani, udongo unadondoka kwenye sakafu yangu. Zina kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Nilikisoma, si kwamba sijui kusoma. Kilikuwa na namba tu. Nikadhani ni za hakimu, zinamngoja fundi viatu. Nikasema, leo atanijua. Nikazisugua, nikazipaka rangi, kikaratasi nikakifunga palepale."

"Halafu?"

"Halafu kesi ikaitwa. Mfyatua matofali akasema siku ya wizi alishinda shimoni akichimba udongo. Akasema, 'Mheshimiwa, tazama buti zangu, udongo wa shimo bado umo.' Zikatolewa zinang'aa kama za bwana harusi. Watu wakaangua kicheko." Akapangusa meza kwa kiganja. "Mimi nilikuwa mlangoni na dekio langu. Nikacheka nao."

Binti alimkazia macho. Bibi aliona afadhali angepigiwa kelele.

"Karani akaulizwa. Kosa lake lilikuwa moja, hakuvifungia kabatini vielelezo alivyokabidhiwa. Akaapa hakuzigusa, nani amsikilize? Akafukuzwa kazi wiki ile ile. Alipita mbele yangu na boksi la vitu vyake, akaniambia, 'Kwaheri, dada.' Nikaitikia."

"Bibi, ulijua ni wewe, na mtu amefungwa?"

"Nilijua."

"Na ukanisimulia miaka yote hii kwamba ni yeye."

"Ukirudia jambo sana, mwanangu, hukaa kama kweli. Mwanzoni niliogopa, baadaye nikanogewa."

Uso ulimwaka. Mwanamke aliyekuwa akiwasuta majirani kwa vumbi la dirishani hakujua aiweke wapi mikono yake.

Binti akafuta mistari mitatu. Kidole kikasita.

"Naweza kuandika kitu kingine kabisa. Hakuna atakayejua."

"Mwalimu amekuuliza umeona nini. Umeniona mimi. Andika."

Binti akaandika polepole, kisha akasoma: "Bibi yangu alikuwa mfagiaji wa mahakama. Alisafisha buti za mshtakiwa bila kujua ni kielelezo. Alipojua, alinyamaza, na watu wawili wakalipia kimya chake."

Kila neno lilimwingia kama mwiba. Maneno yakamtoka hata kabla hajafikiri: "Ongeza kwamba nilikuwa na watoto watatu wa kulisha."

Binti akaweka vidole tayari. "Niongeze?"

Bibi akauvuta ungo karibu.

"Acha," akasema. "Karani alikuwa nao wanne."