Mama kaiacha tangawizi yangu, kanywa ya wifi

Leo nimemwonea wivu wifi yangu mpaka machozi yamenilengalenga.

Mama kaamka na mafua makali, pua imeziba, kifua kinambana. Mimi ndiye ninayeishi naye hapa Usagara, kwa hiyo nikampigisha nyungu ya majani ya mkaratusi, nikimfunika shuka ajifukize, kisha nikamchemshia tangawizi na mchaichai, nikakamulia ndimu na kutia asali.

Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Kali hii. Iweke hapo."

Haya, nikaiweka.

Mchana akaingia wifi, mke wa kaka yangu, katoka kwao Horohoro na chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo mama, pole. Nimekuletea tangawizi."

Jamani, mama kamaliza kikombe kizima! Akaomba na cha pili! Akamshika mkono:

"Mkono wako una baraka, mwanangu."

Mwanangu! Na mimi mwanawe wa kumzaa nimesimama palepale, shuka la nyungu begani, limelowa chepechepe.

Nikaionja tangawizi yake. Ladha naijua kabisa.

"Wifi, hii umejifunza wapi?"

Akacheka. "Si wewe ulinielekeza kwenye simu, kaka yako alipougua?"

Nikamgeukia mama, nikajua sasa nitapewa haki yangu.

Mama akapenga kamasi, akasema, "Alhamdulillahi. Basi siku nyingine na wewe uipike kama unavyofundisha."

Wenye mawifi, hebu niambieni. Wivu nao unachemshiwa majani gani?