Msalaba wa Sokoni Kwetu Upareni

Mpaka leo nikipita penye ujenzi hapa Toronto, harufu ya saruji mbichi ikinijia, naongeza mwendo. Niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi ghorofa ya sita katika mtaa wa Malvern, hapa hapa Toronto. Baba alikuwa dereva wa basi la shule, lakini kwao Upareni alizaliwa katika ukoo wa waashi. Babu yake ndiye aliyejenga msalaba wa mawe katikati ya soko la kijiji. Waliogombania kipimo cha maharage walipatanishwa hapo, na akina mama hawakutandaza ndizi zao kabla ya kuugusa. Mimi niliujua kwa picha moja tu iliyobandikwa kwenye jokofu: Baba, mtoto asiye na viatu, kaketi kwenye ngazi zake, anacheka.

Mwaka ule mawe yakaanza kulegea, na dada yake Baba, Shangazi Nakijwa, akachaguliwa kusimamia ukarabati. Jumamosi moja asubuhi Baba akachanganya chokaa na mchanga kwenye beseni la kufulia la Mama, pale roshanini, ili amweleze dada yake kwa simu uzito unaotakiwa. Mama alinuna, Baba akazidi kukoroga. Mikono ikamjaa chokaa, simu akanipa mimi.

"Mwambie chokaa, kama alivyotumia babu. Asiguse saruji. Saruji inafungia maji ndani, jiwe linapasuka."

Kiswahili nilikielewa, ila kukisema ilikuwa shughuli. Baba mwenyewe nilimjibu kwa Kiingereza.

"Anasemaje, mwanangu?" Shangazi akauliza, sauti ikikatika-katika.

Maneno mawili yakanigongana mdomoni. Likatoka moja. "Saruji," nikasema.

"Haya, saruji!" akaitikia kwa furaha, na kadi ya simu ikaisha.

"Umemwambia?" Baba akauliza, bado ameinamia beseni.

"Yes, Baba."

Wiki mbili simu haikupatikana. Ilipopatikana, Shangazi alikuwa karibu kuimba. "Tumemaliza! Tumeupiga saruji wote, kama mtoto alivyotuambia!"

Baba akanigeukia. Nami nilikuwa nikitabasamu, nikingoja sifa.

"Hongereni, dada," akasema taratibu. "Mmefanya kazi."

Baadaye nilimsikia akiuliza kama plasta inaweza kubanduliwa. Haikuwezekana, ingeng'oka na mawe. Ikabaki kungoja mvua, na mvua za Upareni hazibembelezwi. Kila masika aliulizia nyufa. Nilipokuwa sekondari mkono mmoja wa msalaba ulianguka, kisha halmashauri ikaubomoa wote usije ukaua mtu. Siku hiyo Baba alikaa ndani ya gari, chini ya jengo letu, hata chakula kikapoa.

Nilifika Upareni nikiwa mtu mzima. Shangazi alinionyesha mahali penyewe, ambapo sasa huuzwa mitumba.

"Baba yako alituomba radhi mbele ya ukoo mzima," akasema. "Alisema yeye ndiye aliyekutuma useme saruji, kwamba ugenini alikuwa amesahau kazi ya babu yake. Wazee walimcheka sana."

Nikamweleza ukweli, palepale, kati ya marundo ya nguo. Alinishika mkono. Baba tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla.