Kaseti Ambayo Mama Hakutaka Kuifuta

Mama mkubwa anaishi Chita, mama yangu anaishi hapa Ifakara, na kwa miaka mingi walitumiana kaseti badala ya barua. Mama mkubwa hakusoma shule, na hakupenda mambo yake yasomwe na mkwe wake. Kwa hiyo alikuwa akirekodi maneno yake kwenye redio, anampa mama mmoja muuza samaki wakavu aliyepanda treni kila wiki, naye anatuletea kaseti ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Mama akishasikiliza, anajibu kwenye kaseti ileile, juu ya maneno ya dada yake.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi na bado naishi nyumbani, basi kununua kaseti ikawa kazi yangu. Mara ya kwanza nilichagua ya dakika tisini, nikijua wale wawili wana maneno mengi. Mwenye duka akanionya.

"Mwalimu, chukua ya sitini. Ya tisini utepe wake mwembamba, redio inautafuna."

Sikumsikiliza. Wiki mbili baadaye nilikuwa barazani nikiuzungusha utepe kwa kalamu, mama akiniuliza kila mara kama habari za Chita zimepona. Tangu hapo tukawa watu wa dakika sitini.

Siku moja mama alisikiliza upande wa kwanza: salamu, mpunga, mafuriko, mjukuu aliyeota meno. Akaona yametosha. Akageuza kaseti na kuanza kujibu upande wa pili, bila kuusikiliza kwanza. Kumbe huko ndiko mama mkubwa alikosema kwamba anakuja Alhamisi, na apokewe stesheni kwa kuwa atakuwa na madebe mawili ya mchele na bata wawili.

Alhamisi jioni tulimwona akiingia uani kwa miguu, nyuma ya baiskeli ya kukodi. Mchele ulikuwa kwenye keria. Bata alikuwa amewabana mwenyewe, mmoja kila kwapa.

"Shikamoo dada," mama akasema.

"Marahaba. Redio yenu ni nzima?"

"Nzima, dada."

"Basi masikio ndiyo mabovu."

Alikaa siku nne, tukala naye bata mmoja, akapanda treni kurudi. Tukadhani yamekwisha. Wiki iliyofuata muuza samaki akaleta kaseti mpya. Mama mkubwa alikuwa amefoka upande wote wa kwanza, dakika thelathini, Kiswahili kikimchosha anahamia Kindamba. Alieleza stesheni nzima: benchi, jua, na bata aliyechoropoka akakimbizwa na watu watatu. Upande wa pili alianza kwa kuomba radhi kwa kufoka, halafu akakumbuka jambo jingine akaendelea. Na alikuwa amevunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mama asiweze kurekodi juu yake.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hii siifuti," akasema.

"Hata ukitaka haifutiki, kavunja."

"Ingefutika. Ungeziba matundu kwa karatasi tu. Ninachosema ni kwamba sitaki."

Akanituma dukani nikanunue nyingine ya kujibia.

Simu za mkononi zilipoingia, kutumiana kaseti kulikoma, lakini ile ya kufokewa ilibaki kabatini. Redio yetu ilipokufa na fundi akakosa vipuri, mimi na mama tuliipeleka ile kaseti kwa dada mmoja mwenye kompyuta karibu na soko, aihamishie kwenye CD.

"Mnataka ya kuandika mara moja, au ya kufuta na kurudia?" yule dada akauliza. "Ila ya kurudia, deki nyingine zinaikataa."

"Ya mara moja," mama akajibu. "Haya maneno hayana marekebisho."

CD nayo ikaanza kukwaruzika na kurukaruka pale kwenye bata. Nikaiwahi, nikahamishia sauti kwenye simu yangu.

Mwaka huu mama mkubwa alikuja kwa basi, safari hii tukampokea. Baada ya chakula nikamwekea ile sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Huyu mama ana hasira za nini?"

"Ni wewe, dada," mama akasema.

Akasikiliza tena kidogo. "Basi ana haki," akasema, kisha akanigeukia. "Niwekee na mimi, mwanangu."

"Kwenye simu yako, mama mkubwa?"

"Simu yangu imejaa picha za wajukuu. Weka kwenye kadi, ile inayoingia kwenye redio yangu ndogo."

Nilienda mjini kununua kadi. Muuzaji alinisifia kubwa, ya kubeba nyimbo maelfu. Nikamwambia ninachobeba ni mtu mmoja aliyekasirika kwa saa moja tu, akanipa ndogo kuliko zote.

Niliporudi niliwakuta kwenye mkeka. Simu yangu niliyoiacha ilikuwa mkononi mwa mama, inarekodi. Alikuwa akimjibu dada yake, hoja moja baada ya nyingine, kuhusu stesheni, jua na bata, na mama mkubwa akimkatiza kila sentensi. Nikakaa pembeni na kadi yangu mfukoni, nikangoja wamalize.