Presha ya macho ya mama ilikuwa sawa, kwa hiyo nikajua daktari anatuibia

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hili nimekaa nalo kifuani karibu mwaka mzima. Sitatia chumvi, maana ukweli wenyewe unaniaibisha vya kutosha.

Mimi niko Isebania, nauza spea za pikipiki. Kazi hii inakufundisha kutomwamini mtu. Kila wiki naletewa beringi feki ndani ya pakiti ya orijino, na anayeleta anaapa kwa jina la Mungu.

Mama yangu anaishi Rongo. Mwaka jana alianza vituko. Wanawake wa kanisani wanamnyooshea mkono wa salamu, yeye anapita kama hawapo. Huku kwetu kuuacha mkono wa mtu hewani ni matusi.

Wakasema ana kiburi tangu mtoto wake afungue duka (mtoto ndiye mimi). Wengine wakanong'ona ni sihoho, yaani kuna mtu kamtupia jicho baya.

Sikuamini kiburi wala sihoho. Nikampeleka kliniki moja ya macho Homa Bay.

Akapimwa. Akawekwa pia kwenye mashine ambayo unabonyeza kitufe kila ukiona taa ndogo imewaka. Daktari, kijana mpole, akasema ni glakoma. Mshipa wa fahamu wa jicho unakufa polepole, na anapoteza kuona kwa pembeni. Akamwandikia matone ya macho ya kutumia maisha yote.

Nikauliza presha ya macho ikoje. Akasema iko kawaida.

Hapo wakuu nikakaa vizuri kwenye kiti. Mimi napima upepo wa tairi kila siku. Geji ikisema sawa, ni sawa, huwezi kuniuzia tyubu.

"Daktari, kama presha iko sawa, hii dawa ni ya nini?"

"Presha ya jicho haifanyi kazi peke yake, boss," akasema. "Nyuma huko kuna maji yanazunguka ubongo, na hayo pia yako na presha yake. Mshipa unapita hapo katikati. Ni kama pazia la mlango, upepo unasukuma ndani na nje. Ule wa nje ukipungua, hata upepo wa kawaida wa ndani unalisukuma."

"Na hayo maji ya mama umepima?"

"Hapana. Hiyo ni mpaka sindano ya mgongo, na hatufanyii kila mgonjwa. Wataalamu bado wanachunguza hiyo maneno, siwezi kuapa ndiyo sababu kwa mama. Lakini mshipa umeumia, hiyo nimeona na macho yangu. Chenye tunaweza ni kushusha presha ya jicho zaidi."

Mnaona? Anakiri hajapima. Anakiri hana uhakika. Lakini matone ninunue, tena ya maisha!

Na ile sindano ya mgongo aliyoitaja juu juu, nikajua ndiyo mtego wenyewe. Leo matone, kesho wanamtoboa mama uti wa mgongo.

Nikanunua chupa moja kwa heshima tu. Wiki iliyofuata nikampeleka mama Migori mjini apimwe presha ya macho peke yake. Vipimo vingine nilikataa, nikaona ni njia za kula pesa.

Kawaida tena. Nilifurahi kama aliyemshika mwizi.

"Mama, yule alikuwa anatuuzia maneno. Wacha hiyo dawa."

"Wuoda, uko na uhakika?" (Wuoda ni mwanangu.)

Nikasema niko nao. Akaacha.

Miezi ikapita. Siku moja akagongwa na boda akivuka barabara. Alichubuka mguu tu, lakini nilikwenda Rongo nikiwa moto, nikamkunja yule dereva shati.

"Buda, nilipiga honi, nikasimama kabisa hapo kando yake," akasema. "Ni yeye aliniingilia."

Bila shaka nikajua anadanganya. Mama akanishika mkono.

"Mwachilie. Honi nilisikia. Yeye ndiye sikuona."

Hapo wakuu nikakumbuka ile mikono ya salamu, na daktari aliposema anapoteza kuona kwa pembeni. Kesho yake tukarudi Homa Bay, kwa daktari yuleyule. Mashine ileile. Kwenye karatasi ya majibu ya kwanza weusi, yaani sehemu asiyoiona, ulikuwa pembeni tu. Sasa ulikuwa umemeza karibu upande wote wa kushoto.

Nikauliza kama matone yatarudisha. Akasema iliyokwenda haitarudi, tutalinda iliyobaki.

Kisha akauliza kwa upole nani alisimamisha dawa.

"Ni mimi daktari," mama akasema. "Nilisahau tu. Si unajua sisi wazee."

Muda wote ule nilikuwa nawinda mwongo. Niliyempata ni mama, na alidanganya ili nisiaibike. Nilitoka nje nikalia kama mtoto.

Wakuu, jicho si tairi. Geji inaweza kusoma sawa na mshipa unakufa. Ukimpeleka mzazi, usiulize presha tu, uliza mshipa ukoje. Na ukiwa na shaka na daktari, tafuta daktari mwingine apime kila kitu, usijifanye daktari wewe.

Mnaoyajua haya mambo ya maji ya ubongo na macho, karibuni mnifundishe. Safari hii nasikiliza.